Je, Hukumu Ikishatolewa Haki Imekwisha?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Hakimu wa mahakimu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa swali na mmoja katika wanaohudhuria darasa letu. Asema kwamba usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alikuja mama mmoja mlangoni mwa msikiti wa mtaa wao, akaomba asaidiwe mchango wa kumpatia mwanawe wakili wa rufaa. Mwanawe alikuwa amehukumiwa kifungo kirefu, na siku za kukata rufaa zilikuwa zaelekea kwisha. Baadhi ya watu wakatia mikono mifukoni. Ndipo mzee mmoja wa mtaa, naye ni mtu wa heshima, akasema: "Huyo ameshahukumiwa. Hukumu ikishatoka hapana maneno tena, na mwenye kumsaidia amesaidia dhambi." Mikono ikatoka mifukoni mitupu, na yule mama akaenda zake. Muulizaji ataka kujua: je, neno la mzee yule ni sawa kwa sheria ya dini yetu?

Kesi ya kijana yule sisi hatuijui, na hatusemi kwamba ana makosa wala kwamba hana. Tunalotaka kulitazama ni lile neno lenyewe, "ameshahukumiwa". Neno hili si la mzee mmoja tu. Lina wafuasi wengi, na liko taifa kubwa la dunia ambalo limelikaribia mno katika sheria yake iliyoandikwa. Jambo likiwa dogo tena liko karibu, mara nyingi jicho halilioni vizuri. Likitazamwa pale lilipokua na kuzaa matunda, hapo hujulikana lilivyo. Basi na tuanze huko Marekani, kisha turudi kwetu.

Tarehe 19 Aprili 1995 Timothy McVeigh alilipua jumba la serikali katika mji wa Oklahoma City, wakafa watu 168, na watoto wadogo miongoni mwao. Katika saa za mwanzo wako wengi huko waliowanyoshea kidole Waislamu na Waarabu. Kisha ikabainika kwamba mtendaji ni Mmarekani, naye alikuwa askari wa zamani wa jeshi lao wenyewe. Nchi ilijaa uchungu na khofu, na viwili hivi ni washauri wabaya wa mtunga sheria. Haukupita mwaka na siku chache, tarehe 24 Aprili 1996, Rais Bill Clinton akatia saini sheria mpya ya kupinga ugaidi na kuipa nguvu adhabu ya kifo. Jina lake ni la ugaidi, lakini ndani yake mliwekwa vifungu vinavyomgusa kila mfungwa: mwizi, na muuaji, na hata yule asiyekuwa na kosa lolote.

Msomaji apate kufahamu, katika nchi ile kesi nyingi za jinai huhukumiwa na korti za majimbo. Mtu akishindwa katika korti zote za jimbo lake, bado ulikuwako mlango mmoja wa kale waliourithi kwa Waingereza, nao huitwa kwa Kilatini habeas corpus. Kwa mlango huo mfungwa humwomba jaji wa serikali kuu amtake mwenye kumfunga aeleze ni kwa haki gani amemfunga. Sheria ya 1996 haikuujenga mlango ule kwa matofali, lakini iliweka walinzi wanne mbele yake.

Mlinzi wa kwanza ni kalenda: mfungwa amepewa mwaka mmoja tu tangu hukumu yake kukamilika. Wa pili ni kwamba haitoshi kuonyesha kuwa korti ya jimbo ilikosea katika sheria. Lazima aonyeshe kuwa ilikosea kosa ambalo hakimu mwenye akili yake sawa hangelikosea. Wa tatu ni kwamba mlango hubishwa mara moja. Mwenye kutaka kuubisha mara ya pili huomba kwanza idhini ya majaji watatu, na wakimkatalia, hana rufaa juu ya kukataliwa huko. Wa nne ni kwamba ushahidi ambao mfungwa hakuuleta katika korti ya jimbo, korti ya serikali kuu haina ruhusa ya kuusikiliza ila kwa nadra.

Insafu yataka tuseme pia kwamba Korti ya Juu ya nchi hiyo imewalegeza walinzi hao kidogo. Mwaka 2010 ilisema kwamba ule mwaka mmoja waweza kurefushwa kwa mfungwa aliyejitahidi kisha akazuiwa na jambo lisilokuwa la kawaida. Na mwaka 2013 ikasema kwamba ushahidi wenye nguvu wa kutokuwa na kosa waweza kuupita muda. Haya ni mazuri, na atendaye zuri hunenwa kwa zuri lake. Lakini tazameni yaliyompata mtu mmoja katika jimbo la Arizona.

Mtu huyo ni Barry Jones. Mwaka 1995 alihukumiwa kifo kwa mauti ya mtoto wa kike wa miaka minne, binti wa mwanamke aliyekuwa akiishi naye. Nguzo ya kesi ilikuwa ni wakati: mashtaka yalisema kwamba jeraha lililomwua mtoto lilimpata katika saa alizokuwa pamoja na mtu huyu. Wakili wake hakuwatafuta matabibu wa kuuchunguza wakati huo. Baadaye akapewa wakili mwengine katika korti za jimbo, naye pia hakutafuta. Mawakili waliokuja nyuma yao ndio waliotafuta, na matabibu wakashuhudia mbele ya jaji wa serikali kuu kwamba jeraha lile halingeweza kutokea katika saa zile. Mwaka 2018 jaji akaamuru mfungwa ahukumiwe upya au afunguliwe, na korti ya rufaa ikamuunga mkono.

Jimbo likaenda Korti ya Juu. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba jaji hakuwa na ruhusa ya kuusikiliza ushahidi ule, kwa kuwa haukuletwa mapema katika korti ya jimbo. Tarehe 23 Mei 2022 majaji sita dhidi ya watatu wakakubali. Walisema kwamba kwa sheria ya 1996 uzembe wa mawakili huhesabiwa kuwa ni uzembe wa mfungwa mwenyewe. Basi ushahidi ulikuwa umekwisha kuonekana na kusikiwa, kisha ikaamriwa ufanywe kama haukuwako. Mtu yule akabaki chini ya hukumu ya kifo mpaka Juni 2023, yalipofanywa mapatano: akakiri kosa la kutompeleka mtoto hospitali, lililohesabiwa kuwa mauaji ya daraja la pili, naye akaachiliwa. Tangu kukamatwa kwake ilikuwa imepita miaka 29.

Sisi hatukuwako, na siri ya siku ile aijua Mwenyezi Mungu. Twauliza jambo moja tu: hakimu akishaona kwa macho yake, je, yafaa aambiwe ayafumbe kwa sababu kilichoonekana kimechelewa kuja?

Wenye kuitetea sheria ile si watu wasiokuwa na hoja, na si uungwana kuzificha hoja zao. Wasema kwamba hukumu isiyokuwa na mwisho si hukumu. Wasema kwamba aliyeuliwa ana mama na baba, na kila kesi ikifunguliwa upya, kaburi lafunguliwa upya nyoyoni mwao. Wasema pia kwamba mashahidi hufa na kusahau, na mfungwa mwenye hila hufaidika na kuchelewa. Hoja hizi zina uzito. Maulama wetu walizijua na kuzipima kabla ya kuwako taifa la Marekani. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alihukumu katika jambo la mirathi mwaka mmoja namna moja, na mwaka mwengine ikamjia kesi kama ile akaihukumu namna nyengine, wala hakuivunja ile ya kwanza. Mafakihi wakachukua hapo kanuni kwamba ijtihadi haivunjwi na ijtihadi mfano wake. Lau kila kadhi angevunja hukumu ya aliyemtangulia kwa kuwa rai yake ni nyengine, watu wasingetulia na mali zao wala na ndoa zao.

Lakini maulama hawakusimama hapo. Walisema kwamba hukumu ikibainika kuwa yapingana na nassi, au ijmaa, au kiasi kilicho wazi, huvunjwa. Kisha wakatazama ushahidi. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani hii wamekisoma kwa mashekhe wao, limeelezwa suala la mashahidi wanaourudi ushahidi wao. Wakiurudi kabla ya hukumu, kadhi hahukumu. Wakiurudi baada ya hukumu, na jambo ni la mali, mali hulipwa kama ilivyohukumiwa, na mashahidi hubeba dhamana ya khasara. Ama wakiurudi baada ya hukumu na jambo ni la adhabu ambayo haijatekelezwa, basi adhabu haitekelezwi.

Zingatia, ndugu msomaji, tofauti hii. Kadhi amekwisha kuhukumu katika mambo yote mawili, na mashahidi ni wale wale. Katika mali hukumu husimama, kwa sababu mali ikipotea yalipika. Katika mwili wa mtu hukumu husita, kwa sababu kiungo kilichokatwa hakiungiki na shingo hairudi. Miaka ya ujana iliyooza gerezani nayo hairudi. Basi kadiri jambo lisivyoweza kurudishwa, ndivyo mlango wa kulitazama tena unavyotakiwa kuwa mpana. Sheria ya 1996 ilikwenda kinyume cha njia hiyo: palipokuwa na roho ya mtu, hapo ndipo ilipotaka mwendo uzidi kuwa wa haraka.

Na juu ya kumbebesha mfungwa uzembe wa wakili wake, hili nalo lina jawabu katika fikihi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtu akimweka wakili amtetee mbele ya kadhi, kisha wakili huyo akakiri deni juu ya aliyemweka, kukiri kwake hakukubaliwi. Hanafi wao hukukubali mbele ya kadhi, lakini hata wao hawakukubali katika huduud na kisasi. Mtu huweka wakili amlinde, hamweki ili amwangamize. Na hapa twasema juu ya wakili aliyechaguliwa na mwenyewe. Itakuwaje basi kwa masikini aliyepewa wakili na serikali, asiyemchagua, asiyejua afanyalo wala aliachalo?

Asili ya yote haya ni kwamba hakimu ni mwanadamu. Mtume wetu (s.a.w.), naye ndiye mbora wa mahakimu, aliwaambia watu katika hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim kwamba yeye ni mtu kama wao, kwamba wawili huja kugombana kwake, na huenda mmoja akawa hodari zaidi wa kutoa hoja, akamhukumia kwa alivyosikia, na atakayepewa kwa njia hiyo haki ya nduguye asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa Mtume (s.a.w.) amewatahadharisha watu kwamba hukumu ya dhahiri huenda isifike kwenye ukweli wa ndani, ni jaji gani wa Arizona, au wa London, au wa Mombasa, atakayesema kwamba hukumu yake haina haja ya kutazamwa?

Wafasiri wameeleza, katika aya za Suratun Nisaa, kisa cha mtu wa Madina aliyeiba deraya, kisha ikaonekana kwa Yahudi asiyekuwa na kosa. Jamaa za mwizi wakaja kumtetea mtu wao, na jambo likakaribia kumwangukia yule Yahudi. Wahyi ukashuka ukamsafisha, na Mtume akakatazwa kuwatetea makhaini. Wapokezi wahitilafiana katika baadhi ya maelezo, lakini mafunzo yake ni wazi, nayo yana makali pande mbili. Upande mmoja watuambia kwamba alama za dhahiri zaweza kumwelekea asiyekosa. Upande wa pili watuambia tusimtetee mtu kwa kuwa ni mwana wetu, wala tusimwache kwa kuwa si wetu.

Tena kiko kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), ambacho kila mtoto wa chuoni akijua. Kanzu ilikuwa imechanika nyuma, na ushahidi ulikuwa umesimama upande wake. Hata hivyo, baada ya wakubwa kuziona dalili zote, waliona ni kheri afungwe. Akakaa gerezani, na yule aliyemtaka amtaje kwa mfalme akamsahau miaka kadhaa. Mwishowe mfalme akampelekea mjumbe atoke. Yusuf akafanya nini? Hakuukimbilia mlango. Alimrudisha mjumbe kwa mfalme, akataka kwanza iulizwe khabari ya wale wanawake waliojikata mikono. Yaani alitaka kesi yake itazamwe upya, na hakutoka mpaka mke wa mkubwa yule alipokiri ukweli.

Yusuf alikuwa ameshahukumiwa. Lau hukumu ya kwanza ingekuwa ndiyo mwisho wa maneno, dai lake lingekuwa ni utovu wa adabu. Na Mwenyezi Mungu amelisimulia katika Qur'ani kwa kumtukuza. Tena tazama: mfungwa wa Arizona alitoka kwa mapatano, bila ya korti kuusema ukweli wa kesi yake, Yusuf hakutaka kutoka ila ukweli umetangulia mbele yake. Hatumlaumu mfungwa yule, kwani mwenye miaka 29 kifungoni hapimwi kwa subira ya Mitume. Twailaumu njia iliyomwachia mlango wa mapatano na kumfungia mlango wa ushahidi.

Sasa na turudi kwetu. Katika Kenya, Katiba ya 2010 kwa maandishi yake imeuacha mlango wazi kuliko Marekani. Kifungu cha 50 champa kila aliyehukumiwa haki ya kukata rufaa au kuomba hukumu yake itazamwe na korti ya juu zaidi. Na ikiwa rufaa zimekwisha, au muda umempita, bado aweza kuomba katika Korti Kuu kesi mpya, pakipatikana ushahidi mpya na wenye nguvu. Kifungu cha 25 chakataza kabisa kupunguzwa haki ile ya habeas corpus. Haya ni mambo ya kushukuriwa, na ni wajibu wa kila mtu kuyajua.

Lakini ziko pia sheria za mwendo wa kesi, nazo zataka macho. Muda wa kukata rufaa ya jinai katika Korti Kuu ni siku 14 tu. Korti yaweza kuipokea rufaa iliyochelewa ikiwa pana sababu njema, lakini asiyejua kuandika sababu atazieleza vipi? Na mtu akikiri kosa katika korti ya chini, hana rufaa juu ya hatia yenyewe, ila juu ya adhabu. Isipokuwa korti ya juu ione kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa kwa wazi. Na ni wangapi katika vijana wetu wanaoambiwa na wenzao kizimbani, "Kubali, yaishe"? Maiz alipokuja mwenyewe kukiri, Mtume (s.a.w.) alimgeuzia uso mara kwa mara, akauliza kama ana wazimu; na alipopigwa mawe akakimbia, wakamfuata wakamwua, Mtume akawauliza mbona hawakumwacha. Maulama wetu wakachukua hapo kwamba mwenye kukiri katika huduud za Mwenyezi Mungu akiurudi ukiri wake hukubaliwa, ingawa katika haki za watu hakubaliwi. Basi hata kukiri, ambako watu hukuita bwana wa dalili, hakukufunga mlango wote.

Jawabu la muulizaji wetu, basi, ni hili. Neno la mzee yule si sawa, pamoja na heshima yake. Kumsaidia mtu afikishe hoja yake mbele ya hakimu si kusaidia dhambi. Ni kumsaidia hakimu asidhulumu naye hajui. Lililoharamishwa ni kununua shahidi, na kumhonga karani, na kusema uwongo kortini, na kuomba adhabu isitekelezwe kwa kuwa mtu ni wa ukoo mkubwa hali kosa limethubutu. Ikiwa kijana yule amekosa, rufaa haitamgeuza kuwa mwema, na ataitumikia adhabu yake. Na ikiwa hakukosa, ni nani atakayebeba siku zake mbele ya Mwenyezi Mungu?

Tena tujihesabu wenyewe. Sheria ya nchi ilimpa mama yule siku 14. Siku hizo hazikuwa zimekwisha. Aliyezimaliza ni sisi, mlangoni mwa msikiti, kwa neno moja. Twawalaumu Wamarekani kwa kalenda yao ya mwaka mmoja, na kalenda yetu sisi ni ya dakika moja baada ya Isha.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu mambo matatu. La kwanza, mtu wa mtaa wenu akihukumiwa, hesabuni siku tangu siku ile ile, wala msingoje wiki mbili za masikitiko. La pili, kila msikiti uwe na watu wawili au watatu wanaojua kusoma karatasi za korti, wawaandikie wasioweza, na kidogo katika michango yetu kitengwe kwa kazi hiyo. La tatu, mwendeeni mfungwa katika gereza alimo. Aliyemsahau Yusuf hakuwa adui yake. Alikuwa rafiki aliyetoka, akashughulika na dunia.

Na kwa mama yule twasema: ikiwa maneno haya yatamfikia, na muda umempita, mlango wa kuomba rufaa iliyochelewa bado upo, na ushahidi mpya ukipatikana, upo na mwengine. Arudi msikitini. Tumemwomba muulizaji wetu amtafute, na mzee yule amwombe wawe pamoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na awafariji waliofungwa kwa dhulma, na awape toba waliofungwa kwa haki. Amin.